Ndege wa Tisini na Nne

Jumamosi, 4 Novemba

Nimeficha jambo moja kwa miaka miwili, na kwa kuwa moyo wangu umeanza kugonga ovyo kama mlango usiofungwa vizuri, naliandika kabla ya mengine yote: sioni mpira.

Mimi Faradji, mwalimu mstaafu, mwamuzi wa softiboli ya wasichana wa Kasongo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, hukaa kwenye kigoda nyuma ya mdakaji, nikavaa kofia ya waya iliyoungwa kwa spoku za pikipiki, nikapaza sauti, na sioni kitu. Jicho la kulia ni maziwa matupu. La kushoto linalijua jua, na linaijua karatasi nikiiinamia mpaka pua iiguse. Ndiyo maana herufi zangu ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Mpira wa Esther-Divine, mrushaji wetu anayekaa nyumbani kwangu, halijauona hata siku moja. Lakini mpira ule hata wenye macho mazima wanausimulia tu.

Ninausikia. Glavu ya Chadia, mdakaji wetu, ilishonwa na fundi viatu kwa ngozi ya kiti kikuukuu. Mpira ukiingia katikati, glavu inasema pa, mara moja, kama mtu aliyefunga kitabu. Ukienda kando, kabla ya pa nasikia goti la Chadia likisugua vumbi. Ukiwa juu, pumzi yake inapanda nao. Ukiwa chini, glavu inalamba ardhi. Ukipita vizuri juu ya kipande cha tairi kilicholazwa mbele ya mdakaji, kati ya goti na kwapa la mpigaji, nasema "prizi". Prizi tatu, mpigaji anatoka. Ukipotea nasema "bale", na bale nne zinampa njia ya bure. Mpigaji aliyetolewa kwa prizi tatu hapa kwetu tunamwita ndege. Sababu yake nitaieleza siku nyingine.

Leo Esther-Divine amefukuza ndege kumi. Wachezaji wa Nyangwe wamerudi kwao na samaki wao waliokuja nao kwa ajili ya sherehe.

Jumanne, 7 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Rachida ameweka sufuria chini ya kila tundu la bati, na kila sufuria ina sauti yake. Nimelala nikizisikiliza kama kwaya.

Jumatano, 15 Novemba

Mpunga umeshika maziwa, na ndege wamepata habari. Rachida, binti yangu, ameamua nipandishwe kwenye dungu, kile kibanda chetu cha juu katikati ya shamba, nilinde. Nikamwambia mzee hupewa kivuli, hapewi kazi. Akajibu, "Baba, kivuli iko kule juu pia. Macho yako imechoka, lakini masikio ingali kijana." Anajua macho yamechoka. Hajui yamekwisha.

Basi kila asubuhi Esther-Divine ananishika kiwiko, napanda ngazi ya miti, tunakaa pamoja juu ya bahari ya mpunga. Ukungu wa asubuhi na ukungu wa macho yangu ni mmoja, sijui huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi. Ninasikia mbawa zikija kama nguo inayopanguswa. Nasema, "Kushoto, karibu na kijito," naye anarusha dongo la udongo, na mbawa zinaondoka.

Paa la dungu liko chini kwa ajili ya jua na mvua. Ukiinua mkono utatoboa nyasi. Kwa hiyo wasichana wa kwetu hurusha kwa mkono wa chini, unaopita nyongani na kuachia mbele ya goti. Mwaka wa sabini na nne mtawa mmoja kutoka Kanada alipita njia ya mashamba, akawaona, akasimama mpaka jua likamchoma shingo. Kwao, alisema, kuna mchezo unaorushwa hivyohivyo. Msichana aliyekuwa kwenye dungu la kwanza aliitwa Amisa. Baadaye akawa mke wangu. Ndiyo maana wanaotolewa ni ndege.

Ijumaa, 17 Novemba

Sala, ugali, sombe ya majani ya muhogo, usingizi.

Jumamosi, 25 Novemba

Kabla ya mchezo tulikuwa dunguni. Katikati ya shamba tumesimamisha sanamu ya kutisha ndege, miti miwili iliyovikwa gunia na kofia yangu ya zamani. Ndege wakipungua, Esther-Divine humrushia yule bwana madongo, nami nasema prizi au bale kwa mlio wa gunia. Kifua kinalia kizito, bega linapepesuka tu. Leo nilisema bale mara moja akabisha, akashuka kwenda kutazama, akarudi.

"Iko bale," akakiri. Kisha akasema, kama anayeomba chumvi, "Babu, mi najua hauone."

Nilimuuliza tangu lini.

"Tangu matanga ya Bibi Amisa. Ulipea nguzo mukono, ukaiambia asante kwa kuja."

Tulicheka mpaka dungu likatikisika. Nilipopata pumzi nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu, maana mwamuzi kipofu ni hatari kwa mrushaji kuliko kwa mwingine yeyote. Anaumba dongo kwa vidole anapofikiri. Nilisikia udongo ukizunguka kiganjani.

"Sababu macho ya watu iko na marafiki, Babu. Masikio yako haina rafiki."

Nimeyaandika maneno hayo hapa ili yanilinde.

Jumamosi, 2 Desemba

Uwanja ni dimbwi. Vyura peke yao ndio waliocheza.

Jumamosi, 9 Desemba

Watu wameanza kuhesabu. Kwenye ukuta wa chumba cha mipira, mtawa aliandika kwa rangi ya mafuta AMISA 93, idadi ya ndege aliowafukuza msimu wa sabini na sita. Vita vimepita hapo, paa limechukuliwa mara mbili, ukuta ungalipo na jina lipo. Leo Esther-Divine amevuka sabini, na nilipokuwa nikiongozwa kwenda nyumbani, kila kizingiti nilichokipita kilikuwa na mtu anayesema Amisa. Amisa hivi, Amisa vile. Muuza mafuta alisimulia jinsi Amisa alivyomtoa mke wa mkuu wa kituo. Mimi nilikuwapo siku hiyo, na haikuwa hivyo, lakini sikumsahihisha. Ilikuwa kama kutembea katikati ya mji huku mtu ameshika mkono wangu.

Jioni Bulaimu, baba yake Esther-Divine, alipiga simu kutoka Kabambare. Alimleta binti yake kwetu akiwa na miaka kumi na minne, nyuma ya pikipiki, na gunia la karanga magotini. Amisa alimpokea, akampa kitanda na glavu. Jumapili Esther-Divine anakwenda kanisani kwake. Ramadhani hali mbele yetu, ingawa hakuna aliyemkataza. Sasa amemaliza shule, na klabu moja ya Kindu inamtaka na itamlipia masomo ya ualimu. Bulaimu hapendi. Ana mashamba na hana mikono. Lakini ni mtu wa kusema na kutimiza. Kwa sauti iliyojaza nyumba alisema, "Akipita hesabu ya yule mama Amisa wa mjini, mutoto aende Kindu na baraka zangu. Asipopita, mupunga ikiisha kuvunwa nitakuja kumuchukua."

Rachida akasema, "Baba Bulaimu, hata kama akikaribia?"

"Kukaribia soko si kufika soko, mama."

Esther-Divine alikuwa akiosha sahani. Sauti ya maji haikubadilika.

Jumanne, 12 Desemba

Nimemwota Amisa. Alisimama ndani ya mpunga, maziwa yakimfika kiunoni, naye kijana, na mimi nilikuwa naona. Niliona hata kovu la kidole chake. Akarusha. Mpira ulikuja polepole, ukikua, mweupe kama mwezi, na haukufika. Nilikaa kwenye kigoda nikiusubiri kwa raha nisiyoijua tangu afe. Nilipoamka nilitamani kurudi, si kwa sababu ya kumwona yeye tu. Nilitaka ule mpira uendelee kuja.

Alipokuwa hai alikuwa akisema, akimwelekeza Esther-Divine uani, "Siku mutu akinipita, Mwalimu, weye useme kwa nguvu, nisikie kule niliko." Nilikuwa nikimjibu kwamba mwamuzi hasemi kwa kuagizwa.

Jumamosi, 16 Desemba

Salamabila walifika kwa pikipiki ishirini, na viatu vya mgodini, na midomo. Kiongozi wao alitangaza kabla ya mchezo kwamba mwamuzi anakula ugali unaopikwa na mrushaji, kwa hiyo afadhali mechi ichezwe jikoni. Watu walicheka, nami nikacheka. Nikamjibu kwamba huyo mrushaji nilimpa bale nne mfululizo mwezi uliopita na jioni akaninyima mchuzi. Akaridhika. Wote wananichunga nisimpendelee. Walinichunga hivyohivyo enzi za Amisa, na sikuwahi kumpendelea hata yeye.

Esther-Divine sasa ana themanini na mbili. Mchezo umebaki mmoja, hapa Kasongo, dhidi ya Kabambare, mji wa baba yake.

Jumatano, 20 Desemba

Kura. Rachida alinisomea majina. Nilichagua kwa kidole nisichokiona.

Jumatatu, 25 Desemba

Esther-Divine alirudi kanisani na wali na kuku wa rafiki zake, tukala wote. Miguu yangu imevimba. Nikibonyeza, kidole kinaacha shimo kama kwenye udongo wake.

Jumamosi, 30 Desemba

Nimekuwa nikifikiri juu ya ukuta ule. Mtu akifa anaendelea kukaa vinywani mwa watu kwa muda. Wiki hizi Amisa yuko kila kinywa. Ikija tisini na nne, rangi mpya itapakwa juu, na watasema jina jipya, na ni haki. Mimi nitarudi kwenye nyumba ambamo jina lake linatajwa na mtu mmoja, kwa sauti ya chini.

Nimeyasoma tena maneno ya tarehe 25 Novemba. Herufi zimekuwa hafifu, au ni jicho.

Jumamosi, 6 Januari

Kabambare walikuja kwa lori la mihogo. Bulaimu aliketi upande wa Kabambare akiwa na filimbi ya kushangilia Kasongo, na kila mara ilipolia, ndugu zake walimuuliza ni damu yake au ni malaria. Alinisalimia kwa mikono miwili. Kiganja chake ni kama jembe. Aliniuliza kama nimelala vizuri, nikasema ndiyo. Sikuwa nimelala.

Hewa ilikuwa kavu, mvua imeondoka siku kadhaa sasa, na sauti zilisafiri vizuri. Naandika hivyo ili isisemwe kwamba mvua ilikuwapo.

Esther-Divine alianza kwa utulivu. Mkono wake ukipita nyongani kanga aliyojifunga inatoa mlio mdogo, kisha kuna kimya kifupi, kimya ambacho nimekaa ndani yake miaka miwili kama chumba changu, kisha pa. Ndege mmoja, wa pili, wa tatu. Nilisikia uwanja ukihesabu pamoja naye, kwanza watoto, halafu wanawake, halafu wote. Zamu ya mwisho ilipofika, alihitaji mmoja tu kumfikia Amisa, na wawili kumpita. Wa kwanza alipunga fimbo hewani mara tatu. Tisini na tatu. Filimbi ya Bulaimu ililia mpaka ikakosa pumzi.

Aliyefuata alipiga mpira laini ukamrudia mrushaji mwenyewe. Akatoka, lakini si ndege. Amebaki mpigaji mmoja na mchezo umekwisha. Akaja Odile, binamu yake, mtoto wa kaka yake Bulaimu.

Odile aligonga tairi kwa fimbo. "Dada, rusha sawa ulikuwa unanirushia mihogo mbichi kwetu."

"Ile ilikuwa inakupata, Odile."

"Nilikuwa mudogo. Sikujua kukimbia."

Hata mimi nilitabasamu ndani ya waya. Prizi. Bale. Bale. Prizi, Odile akipunga na kukosa, mpaka upepo wa fimbo ukanifika usoni. Bale nyingine, ya chini. Glavu ililamba ardhi na kila mtu aliona, nami nilisikia. Bale tatu, prizi mbili. Mpira mmoja ungeamua.

Mbuzi alilia mbali, upande wa sokoni. Nilisikia kanga. Nikaingia kwenye kile kimya, na humo ndani alikuwemo Amisa, maziwa yakimfika kiunoni, na mpira mweupe ukija polepole, na nikataka usifike.

Odile hakupunga. Mpira ulifika. Mlio wake leo sitauandika.

Nikasema, "Bale."

Chadia hakuutoa mpira kwenye glavu. Odile hakwenda mara moja; alisimama kana kwamba amesahau njia, hata wenzake wakamwita. Esther-Divine alirudi mahali pake pa kurushia, na mpigaji aliyefuata akapiga mpira juu kabisa, ukadakwa, tukashinda.

Hapo ndipo furaha ilipopasuka. Sawa na Bibi Amisa! Sawasawa! Wanawake walipiga vigelegele, mtu akasema Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga, mwanafunzi asimpite mwalimu wake. Waliniinua na kigoda changu, wakanizungusha uwanjani. Nilikuwa mwepesi mikononi mwao. Kila upande jina la Esther-Divine na jina la mke wangu yameshikana.

Jumapili, 7 Januari

Wamekuja wengi kunipongeza. Bulaimu alikuja kuaga. Alikunywa chai, akasifu mkono wa binti yake, akasema amejivunia. Kisha akasema kulingana si kupita, na atarudi na pikipiki siku ya mavuno. Rachida alijaribu kumbembeleza. Esther-Divine alimzuia, akasema baba amesema kweli, maneno yalikuwa hivyo.

Jumatano, 10 Januari

Dunguni. Mpunga umeanza kuwa wa manjano, Rachida anasema. Mimi nasikia tu kwamba unakwaruza badala ya kunong'ona. Ndege walikuwa wachache. Esther-Divine alimrushia yule bwana wa gunia dongo moja, akangoja.

Sikusema prizi wala bale.

Akarusha jingine. Akangoja tena. Alikuwa na subira ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.

"Babu, ile ilipita wapi?"

Nilimwambia kuna upepo, sikusikia vizuri. Hakukuwa na upepo. Hata jani moja halikugusana na jingine. Nikasikia akiyaweka madongo yaliyobaki chini, moja moja, kwa adabu, kama vyombo vya mgeni.

Jumatatu, 15 Januari

Homa. Sikuandika siku nne. Daktari alisema maji yamefika mahali pasipotakiwa.

Nilipokuwa nimelala nilimwambia Rachida kwamba sioni. Alilia kidogo, akacheka kidogo, akasema alidhani hivyo tangu nilipoivaa sweta yake kwenda msikitini. Kisha akasema jambo ambalo nililitamani tangu siku ile: kwamba kama nilikosea mahali, ni macho, na Mungu hayaulizi macho yaliyokufa. Alinifunika blanketi huku akisema. Niliyalalia maneno hayo siku nzima. Ni godoro laini, lakini lina jiwe ndani.

Alhamisi, 18 Januari

Esther-Divine amefua nguo zake zote. Zinapiga kamba, pa, pa.

Jumamosi, 20 Januari

Mavuno. Nilimwomba Rachida nipelekwe shambani. Akakataa, nikamwambia nitakufa popote, afadhali huko kuna watu. Vijana wawili walinibeba kwa kiti.

Wanawake walikuwa wakikata masuke kwa visu, wakiimba, wakisogea mbele, na nyuma yao kukawa na uwazi ambao sikuwahi kuusikia msimu wote, uwazi wa shamba lililonyolewa. Bulaimu alikuwa ameshafika. Pikipiki ilikuwa ikinguruma ukingoni kwa kuogopa isikatae kuwaka tena, na mfuko wa binti yake ulikuwa umefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Odile alikuja naye kusaidia kuvuna. Chadia alikuwapo.

Niliomba kupandishwa dunguni. Walisema ngazi, walisema moyo. Esther-Divine alikuja, akanishika kiwiko, tukapanda. Ilichukua muda mrefu. Nilipokaa, nikamwambia arushe.

"Ndege wameisha, Babu. Mupunga imekatwa."

"Yule bwana bado amesimama?"

"Amesimama. Kofia yako imeanguka."

"Mrushie yeye."

Nikasikia akichota udongo kwenye kona ambako madongo yake yalikuwa yamekauka, akiumba jingine kwa mate. Kanga ikalia. Nikaingia kwenye kile kimya, na safari hii hakikuwa na mtu mwingine ndani yake, ni yeye tu na mimi. Gunia likalia, zito, mara moja.

"Prizi," nikasema, kwa nguvu zote zilizobaki, na kuimba kukakoma.

Nikamwita Bulaimu, nikamwomba azime pikipiki. Alisita, kisha akaizima. Hapo shamba zima lilinisikia, na naamini na aliyeniagiza nipaze sauti alinisikia.

"Na ule wa mwisho, wa Odile, nao ulikuwa prizi. Goti la Chadia halikugusa vumbi, pumzi yake haikupanda. Sina macho, wala si macho yaliyokosea. Niliusikia ukiingia katikati kabisa, nikasema bale ili mke wangu asipitwe. Ndege wa Esther-Divine ni tisini na nne."